Kabla hujamwongezea mchezaji mkataba, tazama unaisha lini

Msimu wangu wa nne kama meneja kwenye ligi ya kubuni ya mpira wa kikapu tulifika fainali. Tulifungwa, lakini nililala nikicheka, maana timu ilikuwa changa na kikosi kizima nilikijenga mwenyewe. Asubuhi nikafungua ukurasa wa mikataba na kukuta majina matatu yamewekewa rangi nyekundu: senta wangu, mfungaji wangu namba moja, na pointi gadi aliyekuwa anawalisha wote wawili. Mikataba yao ilikuwa inaisha siku moja.

Hakuna aliyenifanyia hila. Nilikuwa nimewasainisha mwenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na kila nilipomaliza nilijipongeza kwa bei niliyopata. Mmoja nilimpa miaka minne, msimu uliofuata mwingine nikampa mitatu, uliofuata tena wa tatu nikampa miwili. Hesabu hiyo mtoto angeiona. Mimi sikuiona kwa sababu kila mara nilikuwa natazama mshahara tu.

Kwa ambaye hajawahi kucheza ligi za namna hii: wachezaji ni wa kubuni, mechi zinachezwa na programu usiku, na kila timu ina meneja ambaye ni binadamu mwenye hasira zake. Kwetu ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu, ulianzia milioni 100, mkataba hauzidi miaka 5, na nyongeza ya mwaka haizidi asilimia 8 ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Kanuni nyingi zimeigwa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikiwemo ile inayokuruhusu kuvuka ukomo ili umbakize mchezaji wako mwenyewe. Kuvuka unaruhusiwa, ila kodi inakungoja mbele, nayo haina huruma.

Basi wale watatu walitaka, kwa jumla, karibu milioni 70. Niliwabakiza wawili, pointi gadi akaondoka bure, sikupata hata chaguo la drafti, yaani zamu ya kuchagua mchezaji mpya anayeingia ligi. Msimu uliofuata senta yule yule aliyekuwa anafunga pointi 20 kila usiku akashuka hadi 14. Hakuumia wala hakuzeeka, ila aliyekuwa anampa mipira alikuwa amevaa jezi nyingine.

Tangu hapo, kabla sijabonyeza kitufe chochote cha kuongeza mkataba, nachora jedwali dogo. Majina upande wa kushoto, misimu juu, na mahali mkataba unapoisha naweka alama ya X. X mbili za wachezaji wakubwa zikikaa kwenye safu moja, natafuta mwaka mwingine, hata ikibidi nilipe zaidi. Kumwongezea mtu milioni moja kwa mwaka ili akubali miaka mitano badala ya minne ni nafuu kuliko kukutana na mawakala wawili siku moja.

Hata waliobobea wamebanwa na jambo hili. Oklahoma City Thunder ya NBA, iliyokuwa Seattle SuperSonics hadi ilipohama 2008, ilimpata Kevin Durant kwenye drafti ya 2007, Russell Westbrook na Serge Ibaka 2008, James Harden 2009. Mchezaji wa raundi ya kwanza ya drafti hupata mkataba wa hadi miaka minne, na akimaliza wa tatu timu inaweza kumwongezea. Kwa hiyo zamu za vijana hao zilikuja zikifuatana: Durant 2010, Westbrook mwanzoni mwa 2012, Ibaka Agosti mwaka huo huo. Ilipofika zamu ya Harden, pesa za watatu wa kwanza zilikuwa zimeshaandikwa. Hawakuelewana, na Oktoba 2012 akauzwa Houston Rockets. Mimi huwa siwacheki Thunder. Nimekaa kwenye kiti hicho, tena kwa pesa za kubuni, na sikupata usingizi.

Sasa mshahara wenyewe. Meneja mgeni akisikia milioni 15 inayopanda asilimia 8 kwa miaka mitano anashtuka, maana mwaka wa mwisho inakuwa milioni 19.8. Usiusome mshahara peke yake, usome kama sehemu ya ukomo. Milioni 15 leo ni asilimia 15. Kama ukomo wa ligi yenu unapanda asilimia 5 kila msimu, mwaka wa tano utakuwa umefika karibu milioni 121.6, na ile 19.8 itakuwa asilimia 16 na kitu. Amepanda kidogo sana. Lakini kama kamishna wenu, yaani msimamizi wa ligi, ameugandisha ukomo, huyo huyo anakula asilimia 19.8, na hapo ndipo utakapomkosa mchezaji wa nane na wa tisa kwenye benchi. Muulize kamishna kabla ya kusaini, si baada. NBA yenyewe iliona ukomo ukiruka kutoka dola milioni 70 msimu wa 2015/16 hadi zaidi ya milioni 94 msimu uliofuata, na kiangazi kile wachezaji wa kawaida kabisa walipewa mikataba ya kifalme.

Kuna kitu kingine ambacho mameneja wengi hawakigusi: mkataba unaweza kushuka. Kwenye fomu yetu kisanduku cha nyongeza kinakubali alama ya kutoa. Chukua mfano ule ule wa milioni 15 inayopanda. Jumla yake kwa miaka mitano ni milioni 87. Ukimlipa jumla hiyo hiyo kwa mkataba unaoshuka asilimia 8, unaanza na milioni 20.7 na kumalizia karibu milioni 14. Mchezaji hapotezi chochote. Wewe mwaka wa tano, ambapo huenda ana miaka 32 na magoti ya mkopo, umebaki na mkataba ambao timu nyingine inaweza kuupokea bila kukuomba chaguo la drafti juu yake. Nautumia kila ninapokuwa na nafasi mwaka huu na najua sitakuwa nayo baadaye. Kama huna nafasi sasa hivi, usijaribu, utajinyonga mwaka wa kwanza.

Kwenye mazungumzo yenyewe nimefanya ujinga mwingi. Mbaya kuliko wote ulikuwa wa kupiga bei kana kwamba naongea na mtu. Winga wangu aliomba milioni 16. Nikaweka 12. Ukaja ujumbe: mchezaji amesikitishwa na ofa yako. Nikacheka peke yangu, nikaweka 13. Ujumbe ule ule. Nikaweka 15, ambayo kusema kweli ilikuwa bei nzuri, na fomu ikafungwa: hataki tena mazungumzo mpaka msimu uishe. Programu inahesabu. Kila ofa ya chini inapunguza hamu yake, na hamu hiyo ndiyo inayozidishwa na ushindi wa timu, dakika anazocheza, na tabia aliyozaliwa nayo. Wapo wanaopenda pesa, wapo wanaopenda kushinda, wapo waaminifu kwa klabu. Anayependa kushinda mfungulie mazungumzo ukiwa umeshinda mechi sita mfululizo, usingoje kipigo. Anayependa pesa mpe karibu na anachotaka kwa ofa ya kwanza, ukikata mwaka mmoja badala ya kukata dola. Mwaminifu ndiye wa kubana, ingawa roho huniuma kidogo, hata kama ni namba tu.

Roho ndiyo iliyoniponza kwa yule senta. Nilimbakiza mwaka ule, na miaka mitatu baadaye akarudi mezani akiwa na miaka 31. Nilikuwa nimempa jina, Mnara, na kwenye ukurasa wa timu nilikuwa nimeandika rekodi zake zote za ribaundi. Nikampa miaka minne. Kwenye ligi yetu kiwango cha mchezaji hupanda mpaka miaka 25 hivi, hukaa hapo, kisha baada ya 30 huanza kuteremka, na nilijua hilo vizuri kwa sababu nilikuwa nimewauza wazee wa watu wengine kwa kulitumia. Msimu wa pili wa mkataba ule Mnara alicheza dakika 15 kwa mechi. Kila meneja niliyempigia hodi alinijibu kwa kicheko, mmoja akaniambia nimpelekee na chaguo la raundi ya kwanza ndiyo aanze kufikiria.

Ukiongeza mkataba mapema, hatari inakuwa mara mbili, kwa sababu unaanza kuulipa baadaye. John Wall alisaini nyongeza ya miaka minne na Washington Wizards mwaka 2017, yenye thamani ya takriban dola milioni 170, nayo ilikuwa ianze msimu wa 2019/20. Mapema 2019 akakatika mshipa wa kisigino, na msimu ambao mkataba mpya ulianza hakucheza hata mechi moja. Programu nayo ina majeraha. Ndiyo maana kwa mchezaji aliyevuka 29 siongezi mapema hata akiniomba kwa bei ya bure. Nangoja mpaka ligi iniambie amemaliza msimu mzima. Kijana wa 22 ni kinyume chake, huyo mkimbilie, kwa sababu bei yake ya mwakani itakuwa ya juu kuliko ya leo, na miaka utakayomnunua ndiyo miaka yake mizuri.

Kuhusu kumwacha mchezaji akajaribu soko huku una haki ya kulinganisha ofa, yaani kumbakiza ukilipa kile kile alichoahidiwa na timu nyingine, nina neno moja: inafanya kazi kwenye ligi yenye mameneja waoga. Kwetu kuna mmoja ambaye kazi yake kila dirisha la usajili ni kutoa ofa kubwa kupita kiasi kwa vijana wa wenzake ili wenye timu wailinganishe na kuumia. Alishanipata mara mbili.

Jumapili hii mlango wa nyongeza unafungwa, na nina pointi gadi wa miaka 23 anayetaka miaka minne kwa kuanzia milioni 18. Bei sina shida nayo. Lakini minne inaangukia safu moja na X ya winga wangu. Nimemwekea mitano kwa milioni 19, inayoshuka, na ujumbe haujarudi bado.