Esanse inaisha mbio? Angalia sonda mbele ya kugombana na Kadhafi

Bandugu, nianze na haya yangu mwenyewe. Kuko kijana moja kule Katuba, Kadhafi, njo ananiuzishiaka esanse mu bido, na siku moja nilimutukana mbele ya batu nikasema anachanganyaka mayi ndani. Sababu bido ya litre 20 ilikuwa inanifikisha Likasi na kunirudisha Lubumbashi, kama kilometa 240 hivi, sasa ghafla inanikata njiani narudi, sijafika hata ku mulango wa muji. Nikamuacha, nikaanza kunywesha ku stasyo. Paka ileile.

Kumbe mutoka ilikuwa inanisemesha tangu zamani. Asubuhi inashika muzuri kabisa, moteri ikisha kupata moto njo inaanza kutetemeka ku ralanti kama mutu wa malaria, na eshapma inanukia esanse mbichi, muke wangu alikuwa ananiambia kila siku miye najibu ni mitoka ya bengine. Fundi akatoa buji: nyeusi kama makala. Akatia mpya, nikalipa, kisha wiki mbili nyeusi tena. Hapo ujue buji hazina kosa.

Na taa ya moteri ku tablo? Haikuwaka hata siku moja. Ule aliniuzishia mutoka alikuwa ameibandika skoch nyeusi juu.

Tulipochomeka skana ikatoa kode ya kosa P0131, ni kusema volti za sonda lambda ya kwanza ziko chini sana. Sonda lambda inakaaka ku eshapma, ile ya kwanza mbele ya katalizeri (ile inasafishaka moshi), inapima oksijeni yenye kubakia mu moshi na kupasha kalkilateri, ni kusema ordinatere ya moteri, habari. Ikiwa muzima na moteri iko moto, volti zake zinacheza, 0,1 inapanda 0,9 inashuka, mbio mbio. Yangu ilikuwa imelala pa 0,1 tu, ni kusema inalia "hewa mingi, hewa mingi", na kalkilateri yenye kuamini inaongeza esanse. Asubuhi baridi kalkilateri haiisikilizake kwanza, sonda inataka joto kama digri 300 njo ifanye kazi, njo maana mutoka ilikuwa inanidanganya saa ya kutoka nyumbani.

Lakini usikimbie kununua! Jirani yangu alibadirisha sonda mara mbili bure, kumbe eshapma yake ilikuwa na tundu mbele ya sonda, hewa ya inje inaingia, sonda inasema ukweli wa ile hewa. Asubuhi moteri ikiwa baridi inama usikilize kama kuko kamulio ka tss tss, angalia pia waya kama haziungue, hiyo haina franga.

Ukinunua, acha ya okazyo. Sonda zenye kuwa na kipasha joto ndani zinafika kama kilometa 160.000, na mitoka yetu inatokaka Japani imekwisha kukimbia mingi, sasa ile ya okazyo unajua ilitoka wapi? Fundi afungue na ufunguo wa 22 moteri ikiwa vuguvugu, na asipake grisi ku kichwa chake. Ukichelewa na esanse mingi hivyo katalizeri itaungua, na bei yake utalia.

Kadhafi nilimurudilia kuomba samahani. Alicheka, kisha akanipandishia bei.