Kutembea Goma uzeeni: soma ardhi kabla ya kuhesabu kilomita

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umelala kwenye mteremko kati ya volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, na karibu kila mahali unakanyaga lava. Kijana anayaruka mawe bila kufikiri. Mzee ambaye goti limeshaanza kusema anahitaji mpango.

Tuanze na mteremko. Kushuka ziwani ni rahisi, na hapo ndipo wengi wanajidanganya: wanamaliza nguvu wakiteremka, kumbe nyumbani ni juu. Ukikaa sehemu za juu, elekea kaskazini kwanza, panda ukiwa na nguvu, urudi ukishuka. Lakini kama tatizo lako ni goti na si pumzi, kushuka ndiko kunakoumiza. Tafuta njia inayokwenda sambamba na ziwa. Anza na dakika 10, ongeza 5 kila wiki hadi ufike 30. Uweze kuongea na mwenzako bila kukata maneno. Kifua kikibana, keti, usiendelee siku hiyo, na umuone daktari.

Kiatu kina maana kuliko fimbo. Kandambili ziache nyumbani: jiwe likigeuka, kifundo kinageuka nalo. Soli iwe nene, isijikunje katikati, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Ukichagua mitumba soko la Virunga, kunja soli kwa mikono miwili na uangalie gundi pembeni. Iliyokauka itaachia kwenye tope la mvua ya kwanza. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila akirudi, kwa sababu mchanga wa lava unaweza kumkata bila yeye kusikia.

Fimbo ipimwe ukiwa umesimama na viatu, mkono umening'inia: kichwa chake kifike kwenye kifundo cha mkono. Ishike upande wa mguu mzima. Wengi wanaishika upande wa mguu unaouma, na hapo uzito wote unarudi palepale. Chini ufunge kipande cha mpira wa gurudumu. Mti mtupu unateleza juu ya jiwe lenye unyevu. Ukichunika, osha kwa maji safi na sabuni mpaka punje nyeusi zote zitoke, kisha uulizie sindano ya pepopunda.

Barabarani, magari yanapita kulia, basi tembea kushoto uone pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zinazokuja mbele yako. Chukudu iliyobeba mzigo ikiteremka haisimami haraka. Ipishe, hata kama haki ni yako. Mjukuu awe upande wa ndani, mbali na lami. Asiwe fimbo yako: mtoto anavuta ghafla, mnaanguka wawili.

Kutembea na wajukuu kuna faida moja ambayo daktari haiandiki. Kila kituo cha hadithi ni pumziko, na hakuna anayekuona umechoka. Waoneshe njia ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Watoto wanadhani mawe haya yalikuwepo siku zote.

Sasa mazuku, hasa magharibi ya mji, kuelekea Sake na kando ya ziwa. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Haionekani. Ndiyo maana mtoto au mbwa anazidiwa mahali ambapo mtu mzima aliyesimama hajasikia kitu. Usitoke kabla ya saa moja asubuhi kwenye maeneo hayo, usimkalishe mtoto shimoni, na ukiona wadudu au ndege wamekufa bondeni, geuka. Usishuke na kiberiti kupima: moto ukizimika, wewe umeshavuta. Mtu akianguka humo, usimfuate. Piga kelele, mvuteni kwa kamba kutoka juu.