Moshi wa buluu kwenye foleni ya feri

SWALI: Fundi, salam aleikum. Nina Subaru Forester ya tabo (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), injini EJ20, nimeibadilisha kama miezi mitatu sasa, tabo kubwa, intakula (ya kupooza hewa ya tabo) ya mbele, na bomba la ekzosi nimepitisha moja kwa moja, katalisti, ile ya kusafisha moshi, nimetoa. Shida yangu ni feri. Naishi Likoni kazi mjini Mombasa, jioni nakaa foleni nusu saa gari iko silensa tu, yaani yanguruma bila kukanyagwa, na AC imewaka, nikija kukanyaga niingie ndani latoka wingu la buluu mpaka watu wa miguu wanitukana. Nikishaenda kidogo laisha. Oili yapotea kama lita moja kila wiki mbili. Fundi alonifungia asema injini imechoka nifanye ovahoo, yaani ifunguliwe yote itengenezwe upya, mwengine asema nitie oili nzito, 20W-50. Halafu kile kipaipu cha kupumulia injini kilikuwa chachuruza oili, yule fundi akakiziba na bolti, hiyo ilishaisha. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salam kaka. Shida yako umeitaja mwenyewe pale mwisho, tena kwa kupita tu. Hiyo bolti!

Sikiliza. Oili yaingia kwenye tabo kwa presha ya pampu, lakini kurudi yashuka yenyewe kama maji ya bafuni. Na sili za tabo si mpira, ni viringi vidogo vya chuma, oili ikijaa haviwezi kuizuia. Sasa pistoni hata ziwe nzima huvujisha gesi kidogo kushuka chini kwenye tumbo la injini, na ukiongeza buusti, yaani msukumo wa hewa ya tabo, kama ulivyofanya yavuja zaidi, ndo maana injini ikawekewa pa kupumulia. Umepaziba, gesi yaenda wapi? Yasukuma juu kwa ile njia ya kurudishia oili, oili yakwama kwenye tabo, yapenya mpaka kwenye ekzosi, na ukiwa foleni yajikusanya pole pole, ukikanyaga joto lapanda yaungua yote kwa pamoja. Basi hilo ndo wingu lako.

Toa bolti leo, peleka hiyo paipu kwenye kikopo cha kukusanya oili, paipu nene isiyojikunja. Ukiwa hapo chungulia paipu ya kurudisha oili chini ya tabo, mafundi wetu wapenda sana kumwaga silikoni kwenye gasketi na ikizidi yabana tundu. Oili nzito usitie, yashuka polepole zaidi, utaongeza moshi na pesa umetoa.

Ovahoo ngoja kwanza. Chomoa plagi zote nne, moja ikiwa imelowa oili na nyengine kavu basi kosa liko kwenye silinda hiyo, na kwa EJ ya tabo iliyosukumwa mie huanza kuangalia namba 4, pistoni zake zajulikana kwa kuvunjika pale penye ringi. Pima kompresheni, yaani kila silinda yabana hewa kiasi gani. Plagi zikiwa kavu zote, fungua bomba la ekzosi linalotoka kwenye tabo, ukikuta limelowa hapo tabo ndo yatupa oili.

Jengine, katalisti ilikuwa yaunguza moshi kidogo kabla haujatoka nje, kwa hivyo huenda gari ilikuwa yavuta oili tangu zamani wala hukuona. Na ukiona kiwingu kidogo cha moshi asubuhi unapowasha, hiyo injini imelala ubavu, oili huingia kidogo, usishtuke. Mweupe wenye harufu tamu tamu na maji ya rejeta yapungua, huo ndo wa kushtukia. Mweusi ni petroli imezidi, hiyo mpelekee aliyekutyunia.

Ukishatoa bolti usitegemee moshi kuisha siku hiyo hiyo, ekzosi imeshiba oili ndani. Pima dipstiki uongeze, panda nayo Mazeras mpaka Mariakani bila kuikamua, urudi. Ikipita wiki na bado wanakutukana feri, niandikie tena uniambie plagi zilikuwaje.