Spika za risiva: soma omu kabla ya wati

Anayetafuta spika za risiva ya hom thieta huuliza kwanza wati. Muuzaji anageuza boksi, anasoma namba yenye sufuri nyingi, biashara inaisha. Swali lililopaswa kutangulia ni la omu, na jibu lake haliko kwenye boksi. Liko nyuma ya risiva na nyuma ya spika yenyewe.

Tuelewane kwanza: risiva tunayoisema si ile ya dishi. Ni lile boksi zito lenye tamino (sehemu za kufungia waya) za spika tano au saba kwa nyuma, linalochukua sauti ya runinga, deki au king'amuzi na kuigawa mbele, katikati na nyuma ya mtazamaji. Siku hizi Tabora zinapatikana, mpya kutoka Kariakoo na za mtumba kutoka nje, na nyingi huja bila spika. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

Geuza risiva yako. Kando ya tamino za spika pameandikwa kitu kama "6–16 Ω" au "8–16 Ω". Alama hiyo ndiyo omu, kipimo cha ukinzani. Spika nayo ina namba yake: 8, 6, 4 au 3. Namba ya spika isiwe chini ya ile ndogo iliyoandikwa kwenye risiva. Ikizidi hakuna kinachoharibika, sauti itapungua kidogo tu.

Ubaya wa kushuka chini unaonekana kwenye hesabu. Tuseme umefungua sauti mpaka risiva inatoa volti 20. Kwenye spika ya omu 8 inapita ampea 2.5, sawa na wati 50. Weka spika ya omu 4, inapita ampea 5. Weka ya omu 3, inakaribia ampea 7, na risiva inabebeshwa zaidi ya wati 130 kwenye chaneli moja (njia ya spika moja) wakati ilitengenezwa kwa 50 au 80. Mkondo huo mkubwa unazidisha joto kwenye transista. Risiva nzuri itajizima na kuandika PROTECT kwenye kioo chake. Isiyo na kinga nzuri itaunguza transista, na mara nyingi chaneli iliyokufa inapeleka umeme wa DC, kama wa betri, kwenye spika na kuua koili nayo, ule waya uliozungushwa ndani yake.

Spika za omu 3 na 4 zinatoka wapi? Kwenye hom thieta za boksi moja, zile zinazouzwa deki na spika zake pamoja. Deki ikifa, spika zinabaki nzima, mwenye nazo anaona hasara kuzitupa, anakata plagi zake na kuzifunga kwenye risiva. Kile kideki chake kilitengenezwa kwa omu 3. Risiva yako haikutengenezwa hivyo. Kama huna namna na ni za omu 4, na unazo mbili zinazofanana, zifunge kwa kufuatana kwenye chaneli moja: chanya ya risiva iingie chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye risiva. Hapo 4 na 4 zinakuwa 8. Ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, 4 na 4 zinakuwa 2, na hiyo karibu hakuna risiva ya sebuleni inayoiweza. Hesabu hiyohiyo inahusu kitufe cha A+B ambacho watu hukitumia kupeleka muziki barazani: kwenye risiva nyingi kinaunganisha spika sambamba, hivyo ukikitumia, spika za ndani na za nje zote ziwe za omu 8 au zaidi, na risiva iwe imeandikwa kwamba inakubali 4 kwa namna hiyo. Wengi hawasomi maandishi hayo madogo.

Sabufa ina mtego wake peke yake. Risiva ina tundu dogo la duara lililoandikwa SUBWOOFER PRE OUT. Tundu hilo halitoi nguvu ya kusukuma spika, linatoa ishara tu. Boksi la besi la hom thieta ya zamani halina amplifaya ndani, kwa hiyo ukilichomeka hapo litakaa kimya, na fundi asiyejua atakwambia risiva ni mbovu. Unahitaji sabufa yenye waya wake wa umeme na kitasa chake cha sauti. Na hapa nyumba nyingi tayari zina suluhisho: ile sabufa ya kawaida ya mtaani, yenye boksi kubwa na vispika viwili au vitatu, ina amplifaya ndani. Toa waya kutoka PRE OUT, ugawe mara mbili, ingiza kwenye matundu mawili ya AUX, chomoa vile vispika, ubaki na besi tu. Haitashindana na sabufa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini kwa chumba cha mita 4 kwa 5 inatosha kabisa.

Sasa wati. Namba ya PMPO, ile kubwa ya matangazo iliyoko kwenye boksi, usiipe hata sekunde moja. Tazama kibandiko kilicho karibu na mahali waya wa umeme unapotokea. Kifaa kilichoandikwa kwamba kinakula wati 60 hakiwezi kutoa wati 12,000, hata 60 zenyewe hazifiki kwenye spika kwa sababu sehemu yake inaishia kuwa joto. Namba ya kuamini ni ya RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, nayo uulize imepimwa chaneli ngapi zikilia kwa pamoja. Risiva iliyoandikwa wati 100 kwa chaneli mara nyingi imepimwa chaneli mbili tu. Zote tano zikilia kwa nguvu, kila moja inapata pungufu.

Namba ambayo ingefaa kuulizwa dukani, na haiulizwi, ni ya desibeli: spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 91 na ya 85 zinatofautiana 6 tu kwenye karatasi, lakini ile ya 85 inahitaji wati mara nne kufikia sauti ileile. Yaani wati 50 kwenye ya kwanza ni sawa na wati 200 kwenye ya pili. Kwa risiva ya kawaida tafuta 88 kwenda juu. Ukikaa kwenye kochi lililo mita 3, maongezi ya filamu yanatumia kama wati 1 au 2, nguvu iliyobaki ni ya milipuko na ngoma.

Wati za spika, kwa RMS, ziwe sawa na za risiva au zizidi mpaka mara mbili. Usidhani risiva ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza, na kinachokufa kwanza ni twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Risiva ikilazimishwa kupita uwezo wake inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa yana nguvu nyingi ya sauti nyembamba, ambayo yote inakwenda kwenye twita yenye koili nyembamba kama unywele. Kwa Tabora na Kigoma jambo hili lina msimu wake. Mvua ikianza kupiga bati lisilo na singibodi, mazungumzo hayasikiki, mtu anapandisha sauti mpaka mwisho, sauti inakwaruza, naye anaona bora inasikika. Ikikwaruza, shusha. Mvua itaisha, twita haitarudi.

Kama fedha haitoshi kununua spika tano kwa mpigo, anza na tatu za mbele, na hizo tatu ziwe za kampuni moja na toleo moja. Mtu akitembea kwenye picha kutoka kushoto kwenda kulia, sauti yake inapita spika zote tatu. Zikiwa tofauti, inabadilika kana kwamba ameongea mtu mwingine. Ile ya katikati ndiyo inayobeba karibu maneno yote, usiifanye ndiyo ya kubania fedha. Za nyuma zinaweza kuwa ndogo na za jamii nyingine, ilimradi omu zinaruhusu.

Spika za mtumba zikaguliwe hivi. Sukuma kifua cha spika, ile sehemu inayotikisika, kwa vidole vinne vilivyotawanyika, taratibu. Ukisikia krr krr, koili imepinda au sumaku imehama. Spika zinazosafirishwa kwa basi huangushwa, na sumaku iliyogundishwa kwa gundi huachia, kwa hiyo kagua mzigo palepale stendi kabla hujasaini. Tazama ukingo unaozunguka kifua: wa mpira unadumu, wa sponji huoza na kumeguka kama mkate mkavu, hasa Kigoma ambako kuna unyevu wa ziwa. Pima kwa mita ya fundi: spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.6. Ikisoma 3.2 na kibandiko kinasema 8, amini mita. Lakini mita haitakwambia kuhusu twita, kwa sababu kapasita iliyo mbele yake inazuia umeme wa mita usipite. Twita ipimwe kwa sikio: cheza wimbo, sogeza sikio karibu nayo, msikilize mpiga kayamba au vinanda vya juu. Kimya maana yake imekufa. Zipo hata zenye twita za pambo ambazo hazijawahi kuunganishwa.

Waya usiwe wa simu. Kwa spika za nyuma, ambazo waya wake ukizunguka ukuta hufika mita 10, waya wa milimita za mraba 0.75 unaongeza karibu nusu omu kwenda na kurudi, wa 1.5 unaongeza robo. Chukua 1.5, na 2.5 kama ni mbali zaidi. Kwangua kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ikiwa nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, chukua saizi moja juu. Menya sentimita 1 tu, sokota nyuzi vizuri, hakikisha hakuna hata uzi mmoja unaogusa tamino ya jirani, maana uzi huo mmoja unatosha kuleta PROTECT. Nyekundu iende nyekundu kwenye kila spika. Ukigeuza moja, besi inapotea katikati ya chumba na watu wanalaumu spika. Kama alama zimefutika, gusisha betri ya redio ya volti 1.5 kwa sekunde moja: kifua kikitoka nje, upande uliogusa chanya ndiyo chanya.

Kwenye mipangilio ya risiva, spika zenye kifua cha inchi 5 au 6 ziandike "ndogo" na ukate besi kwenye hezi 80; za inchi 3 au 4 zikate kwenye 120 au 150. Besi iliyokatwa inakwenda kwenye sabufa na risiva inapumua. Spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande wa mkao wako, za nyuma nyuzi 110 hadi 120, juu kidogo ya kichwa cha aliyekaa. Boksi lenye tundu nyuma liachie ukuta sentimita 20. Sebule ya tofali lililopigwa plasta na vigae chini ina mwangwi: piga kofi moja, ukisikia mlio unaozunguka, weka zulia na pazia zito kabla hujanunua spika nyingine.

Risiva iliyotoka Japani imeandikwa AC 100V. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 inakufa papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha, na kama kibandiko kinasema wati 300, transfoma iwe ya 500 au zaidi. Umeme ukikatika chomoa, subiri utulie ukirudi ndipo uchomeke.

Juu ya risiva acha nafasi ya sentimita 10 isiyo na king'amuzi wala kitambaa. Mwezi wa Oktoba, joto la Tabora likiwa juu, vumbi lililoziba matundu ya kifuniko linatosha kuizima hata kwa spika sahihi za omu 8. Na mjusi hupenda kulala humo kwa ajili ya joto. Akigusa sakiti, wote wawili wanakufa. Weka wavu mwembamba wa dirisha mbele ya matundu ya kabati, si juu ya risiva yenyewe, na kila miezi mitatu upulize vumbi kwa brashi laini ukiwa umechomoa waya.