Kabla ya Kukata Kitambaa cha Maleba, Mtazame Mchezaji

Vazi la kwanza nililoshonea jukwaa hapa Bagamoyo lilikuwa la mhusika anayetoka baharini. Siku nne nilitunga simbi ndogo shingoni, moja moja. Usiku wa onyesho nikaketi nyuma kabisa, na kutoka pale simbi zangu zote zilikuwa mstari mweupe tu, kama ukosi wa shati. Kibaya zaidi, mchezaji alipoinua mikono kuwaita wenzake, vazi zima lilipanda naye hadi magotini na kwapa la kulia likachanika. Akamaliza mchezo mkono mmoja kaubana ubavuni. Iliniuma sana, kwa sababu kosa langu alilibeba yeye mbele za watu.

Tangu hapo sishiki mkasi kabla ya kwenda mazoezini. Anachuchumaa? Anabingirika? Anabebwa? Ukishampima kasimama wima, mpime tena kainua mikono, kisha kachuchumaa. Kwapani tia kipande cha pembe nne, kile ambacho mafundi wa kanzu hukiita kikwapa. Bega likipanda, pindo linabaki chini. Kama hujui kutazama mwili, nenda TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo kilichoanza 1981, wakati wa tamasha, uangalie wacheza ngoma na nguo zao tu.

Kwa urembo, mimi napenda katani kuliko kitu chochote, na sisi watu wa pwani hii tunayo karibu, Tanga. Nyuzi zake hushika mwanga wa taa na huyumba hata mchezaji akipumua kwa nguvu. Zichovye katika rangi ile ile ya kuchemshia ukindu wa mikeka, zianike kivulini, zichane, kisha zishone matamvua kwenye utepe wa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Utepe ndio ushikizwe kwenye vazi, ili ufumuliwe siku ya kufua. Usisahau bitana ya pamba, maana katani huwasha ngozi yenye jasho. Na kama mchezo una mienge, katani iache kabisa: inashika moto upesi.

Njuga ziende miguuni. Mikononi hufunika maneno.

Siku ya onyesho nakaa nyuma ya pazia na sindano tatu zilizokwisha kutungwa uzi mweusi. Zipu ikikataa, namshonea mtu vazi mwilini, namfumua baada ya makofi.