Maswali yenu: begi lisiloingiza maji na safari za pikipiki

Kaka, mvua za Dodoma ni za kuhesabu. Begi lisiloingiza maji la nini? (Msomaji, Nkuhungu)

Kwa mwaka tunapata milimita 500 hadi 600 hivi, ni kweli. Ila karibu zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili, tena kwa mkupuo. Korongo ulilovuka asubuhi likiwa mchanga mtupu, jioni linapitisha magogo. Mvua ikikukuta porini njia ya Mtera, huna baraza la kujibanza. Na kiangazi kuna vumbi, ambalo zipu hailiwezi. Mimi begi langu nalitumia mwaka mzima.

Tulikwenda Kolo kuona michoro ya miambani. Tukanyeshewa, shuka zote chapachapa, na begi ni jipya! Nimeuziwa feki? (Msomaji, Manyoni)

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hujamlaumu muuzaji, kumbuka: begi hili hufungwa kwa kuukunja mdomo kisha kubana klipu. Wewe uliukunja mara ngapi?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na haraka, nikakunja mara moja, nikabana klipu nikaondoka. Usiku nafungua, blanketi nalikamua kama dekio. Tulilala wawili kwa kanga moja, na baridi ya Kondoa mnaijua. Tangu siku hiyo siujazi mfuko hadi juu; naacha nafasi ya viganja viwili. Nalilalia begi kwa kifua hewa itoke, nanyoosha mdomo usibaki na kipeto, halafu nakunja mara tatu au nne ndipo nabana.

Ukishafanya hivyo na bado linavuja, lijaze hewa, lifunge, ulizamishe kwenye beseni. Povu litakuonyesha tundu. Angalia na viungo: vilivyounganishwa kwa moto havipitishi maji, lakini vilivyoshonwa kwa cherehani, kila tundu la sindano ni mlango, labda viwe vimezibwa kwa utepe.

Sina hela ya begi hilo. Salfeti haifai? (Msomaji, Mpwapwa)

Inafaa, wala usione haya. Tafuta mfuko wa kinga njaa, ule wa kuhifadhia mahindi bila dawa. Una nailoni mbili ndani na salfeti nje, na mpangilio huo ndio unaotakiwa: salfeti inapambana na miiba ya migunga, nailoni inazuia maji. Songoa shingo ya kila nailoni, ikunje ielekee chini, uifunge kwa mpira wa tyubu. Nguo na matandiko viwe mbalimbali, ili kimoja kikiloa kingine kipone.

Begi nilifunge wapi kwenye pikipiki? (Msomaji, Chamwino)

Juu ya kerea, likilala kwa upana, mbali na eksozi. Nimeona begi zuri limetoboka tundu la kupitisha ngumi kwa kugusa bomba kilomita chache tu. Vizito, kama maji na spana, viweke chini na karibu na mgongo wako. Vikikaa juu nyuma, usukani unakuwa mwepesi na kwenye mchanga utaanguka. Ncha za mikanda zichomeke, zisifikie cheni. Ukienda kilomita kumi simama ukaze tena, maana mzigo hushuka.

Asubuhi hema limeloa na tunaondoka. Nilitie begini? (Msomaji, Kondoa)

Hapana! Begi lisiloingiza maji halitoi maji pia. Hema litaloesha kila kitu na kuota ukungu. Lifunge nje, juu ya begi, na mkisimama kula mchana litandaze juani. Jua letu halichukui hata nusu saa.