Ulimeza na nini?

Juzi msomaji mmoja wa Busia kaniandikia: "Dada, nilimaliza dozi ya malaria wiki tatu zilizopita, sasa homa imerudi. Dawa za siku hizi ni feki?" Nilicheka, kisha nikaona aibu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, tena kwa kelele, mbele za watu.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Tororo, Uganda, mwaka wa pili, najiona daktari. Nikaugua malaria, nikapewa vile vidonge vya manjano vyenye dawa mbili, artemeta na lumefantrini: 24, vinne vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Kichefuchefu kilinikaba, hata harufu ya chakula sikuitaka, basi kila dozi nikaisindikiza na chai ya rangi. Homa ikashuka. Mwezi haukuisha, nikawa kitandani tena, natetemeka. Nilipopata nguvu nikaenda duka la dawa kumtukana mzee aliyeniuzia. Mwizi! Muuaji! Naye akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ulimeza na nini?" Nikaona ananikwepa. Nikazidi kumtukana.

Jibu nililipata darasani, miezi baadaye. Lumefantrini haipatani na maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukila chenye mafuta, nyongo humwagika kwenye utumbo mwembamba, ikayavunja mafuta kuwa matone madogo, na dawa huvuka ukuta wa utumbo pamoja nayo. Tumbo likiwa tupu, nyingi huishia chooni. Mlo wa mafuta mengi unaweza kuongeza lumefantrini inayofika kwenye damu hadi mara 16. Kumi na sita! Artemeta hushusha homa upesi na kutoka mwilini upesi. Lumefantrini ndiyo inayobaki kuwamaliza vimelea waliosalia, na yangu niliitupa chooni. (Ndiyo, huenda pia niliumwa na mbu mwingine. Tororo hawakosekani.)

Kwa hiyo kula mafuta. Si lazima karamu: kikombe cha maziwa, parachichi, mchuzi wa karanga, hata roleksi (chapati ya mayai) ya pale barabarani. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo. Na narudia: mafuta.

Lakini msinigeuzie maneno. Maziwa hayo hayo huweza kupunguza nguvu ya antibiotiki kama doxisaiklini na siprofloksasini, maana kalisiamu huzishika, nyingine zisivuke utumbo. Mama mjamzito naye anameza vidonge vya chuma kwa chai, halafu anashangaa damu haiongezeki. Meza kwa juisi ya machungwa, chai isubiri. Rifampisini ya kifua kikuu inataka tumbo tupu. Kila dawa ina tabia yake, na sisi tunameza zote kama njugu, halafu lawama kwa muuzaji. Ulizeni jamani! Mdomo haulipiwi.

Yule mzee sikuwahi kumwomba radhi. Nilipita mara mbili, nikakuta wateja wengi, nikajifanya nina haraka.

Wewe wa Busia, usinunue dozi nyingine kwa kubahatisha. Nenda kapime damu leo, uwaambie ulishatibiwa wiki tatu zilizopita. Kisha niandikie: ulimeza na nini?